Woga Hauna Funguo

Mama Shemasi aliogopa ng'ombe. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu wanaomkumbuka siku hizi wamemgeuza simba, na mimi niliyeishi naye ua kwa ua sikuwahi kumwona simba huyo. Katika vilima vyetu vya Masisi, juu kidogo ya Karuba, ng'ombe ni wengi kuliko njia za kuwakwepa. Yeye akimwona mmoja mwenye ndama, aliacha njia, akazunguka kilima kizima, akafika kanisani amechelewa na kitenge chake kimejaa tope hadi magotini. Aliogopa radi. Aliogopa pikipiki, hata iliyozimwa. Aliogopa daraja la magogo. Na tangu vita vilipoanza kupanda na kushuka barabara ya Sake kama mgonjwa wa homa, aliogopa kila mtu aliyevaa buti.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari. Katika nchi yetu anayefundisha sekondari huitwa Prof, na sijawahi kumsahihisha yeyote. Chuoni nilihitimu kwa tasnifu kuhusu dhana ya woga katika falsafa. Siku moja, nikitaka kumvutia, nilimweleza habari hiyo juu ya ua uliotutenganisha. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha mikono.

"Prof, ulienda kutafuta woga ku iniversite?"

"Ndiyo, Mama. Tuliuchunguza kwa kina."

"Mbali vile? Na iko hapa hapa ku mulango, inalala na siye kila siku!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja chenye utomvu wa majani, kisha machozi yakawa ya kweli kwa sababu ya utomvu.

Hakuwahi kujidai kwamba haogopi. Mchungaji wetu alipenda kuhubiri kwamba mwenye imani hatishiki, huku yeye mwenyewe akiangalia mlango. Mama Shemasi alimsikiliza kwa heshima. Tukitoka nje alikuwa na mahubiri yake mafupi: "Woga iko sentineli yangu. Inanilindaka muzuri, inaamka mbele yangu. Lakini funguo ya stoo, ile niko nayo miye."

Funguo hiyo haikuwa mfano wa mahubiri. Ilikuwa kipande cha chuma, na aliivaa shingoni kwa uzi mweusi. Nyuma ya kanisa letu palikuwa na chumba cha mbao na mabati, tulichokiita stoo, ambamo matoleo ya mavuno yaliwekwa. Mavuno yakiisha, kila jamaa ilileta ilichoweza: maharagwe, viazi, kabichi, kuku, jibini ya duara. Baada ya ibada vitu vilinadiwa. Mama Shemasi alikuwa msumbufu wa mnada. Aliwapandishia watu bei ya kabichi za shamba lake mwenyewe, akijifanya mnunuzi, na akikamatwa alisema alisahau zimetoka wapi. Lakini maharagwe aliyakataza yasinadiwe. Yaliingia stoo, na funguo ikarudi shingoni.

Maharagwe yale yalikuwa ya watu waliokimbia. Walipita kwetu wakitokea pande zote: wengine wakitoka msituni Walikale, wengine wakikimbilia huko huko, magodoro vichwani, wakipishana njiani na kuulizana habari za wanakotoka. Aliwapimia kwa mkebe wa maziwa ya unga, ule unaoitwa gigozi katika masoko yetu yote. Sasa, kila mnunuzi wa maharagwe anajua kuna namna mbili za kujaza gigozi. Ukijaza na kuacha, maharagwe hukaa ovyo na mkebe huonekana umejaa. Ukiutikisa, yanashuka, yanajipanga, na nafasi inapatikana juu. Akiuza maharagwe yake sokoni, Mama Shemasi hakuutikisa mkebe, na ungemwomba autikise angekuuliza kama mama yako alikulea bila aibu. Lakini mlangoni pa stoo, mbele ya wageni asiowajua, mikono yake ilitetemeka kwa hofu, na mkebe ukatikisika wenyewe. Maharagwe yakashuka. Akaongeza. Yakashuka tena. Sijui kama alilifahamu hilo. Ninajua kwamba kadiri alivyoogopa ndivyo kipimo kilivyozidi.

Wala msidhani alitoa kwa tabasamu. Alitoa akinung'unika. "Angalia ile tumbo! Bale batu wa kwenu banakulaka mawe ao nini? Leta hiyo sahani, inamisha." Nimemsikia akimgombeza mama mwenye mapacha kwa kosa la kuwa na mapacha, huku akimfunga mmoja wao mgongoni kwake ili mama apate kula.

Kitu kimoja tu hakukifanya kamwe, nacho kilitutisha majirani kuliko buti zote. Hakumuuliza mtu ametoka wapi. Kwetu swali hilo linatangulia salamu: unatoka wapi, wewe ni wa nani, lugha ya mama yako ni ipi. Katika vita lilikuwa swali la kufa na kupona, kwa sababu kila kundi lenye silaha lilikuwa na orodha yake ya maadui kichwani, na aliyemlisha adui alihesabiwa adui. Tulimsihi. Mchungaji alimsihi. Mimi nilimsihi kwa hoja, na hoja zangu zilikuwa na vifungu.

"Uliza tu, Mama. Ujue unamlisha nani."

"Nikishajua, nitafanya nini na ile nilijua?"

"Utaweza kuchagua."

"Ile kuchagua njo naogopa, Prof. Miye najijua. Nikianza kuchagua, nitachagua muzuri sana."

Sasa niwaeleze alivyoomba, maana hapo ndipo hatari yetu ilipokaa.

Katika kanisa letu kuna saa ya sala ya wote. Mchungaji anasema, "Tuombe," na kila mtu anafumba macho, anainua sauti, na kuomba ya kwake kwa wakati mmoja na wengine. Mgeni akiisikia mara ya kwanza hudhani kuna ugomvi. Mimi nimeifananisha na mvua juu ya mabati: inanyesha kwa nguvu hata humsikii aliye begani kwako. Huo ndio uzuri wake. Kanisa zima linasema siri zake kwa sauti kubwa, na hakuna anayesikia siri ya mwenzake. Kisha Mchungaji anapiga makofi, na mvua inakatika.

Kwa Mama Shemasi haikukatika. Akishaingia katika sala alikuwa kama mtu aliyeingia kisimani. Makofi ya Mchungaji hayakumfika. Watu wote wakiwa wamenyamaza, sauti yake iliendelea peke yake, ikimweleza Mungu kuhusu jino lake au jirani mmoja ambaye hataki kurekebisha ua wake. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa sikuwa na hakika jirani huyo ni nani. Alikuwa hajui kuomba kwa jumla jumla. "Mungu iko na kazi mingi," aliniambia. "Ukimuambia 'barikia wote', atajua anaanzia wapi? Unamupatia jina, unamupatia nyumba, unamuonyesha na mulango."

Kisha mtu mmoja alifika wakati wa mvua kubwa, na hata leo sijui jina lake. Alikuwa mtu mzima, mguu umepigwa risasi chini ya goti. Matamshi yake, neno la kwanza tu, yalionyesha kwamba watu wake na watu waliokuwa wanashika vilima vyetu wiki zile walikuwa wanauana. Alitaka kufika Kirotshe, hospitalini, lakini njia ilifungwa, na mguu ule haukuweza njia hata kama ingefunguliwa. Mama Shemasi akamlaza stoo, nyuma ya magunia ya maharagwe, akamfunga kidonda kwa kipande cha kitenge chake cha sikukuu. Alingoja kidonda kikauke amwondoe. Sisi majirani tulijua. Tulijua kama mnavyojua kuna nyoka ndani ya nyumba: hakuna anayemtaja, na hakuna anayetembea peku. Tulijua pia kwamba wenye silaha wakimkuta, watamuua yeye, na Mama Shemasi, na pengine nyumba zinazopakana, na mimi ndiye niliyepakana.

Jumapili ikafika. Mchungaji akasema, "Tuombe." Mvua ikaanza.

Mimi sifumbi macho wakati wa sala. Ningependa kusema ni msimamo wa kifalsafa. Ni woga. Kwa hiyo mimi nilikuwa wa kwanza kuwaona wakiingia, wenye silaha, polepole, wakijipanga ukutani nyuma ya mabenchi ya mwisho. Mkubwa wao alivua kofia. Niliona hilo, kwamba alivua kofia, na ndilo lililonigandisha zaidi. Wanaume kwetu hukaa upande wa kulia na wanawake kushoto. Kati yangu na Mama Shemasi palikuwa na njia ya katikati na migongo mingi iliyoinama. Mchungaji akafumbua macho, akawaona, na mikono yake, bila kumuuliza, ikapiga makofi.

Watu wakanyamaza. Wakageuka, wakaona, wakanyamaza zaidi.

"...na yule papa mugonjwa uliniletea, Bwana," ikasema sauti ya Mama Shemasi, peke yake, macho yamefumbwa, uso umeinuliwa, "yule iko mu stoo nyuma ya maharagi, kausha ile kidonda, Bwana, mupatie mguu afike Kirotshe. Ju miye naogopa. Mbwa ikilia, naogopa. Mulango ikilia, naogopa. Muondoshe mbele bamujue. Amina."

Akafumbua macho ndani ya kimya kile. Hakugeuka mara moja. Alitazama kwanza nyuso zetu, na nadhani alisoma kwetu kila kitu.

"Mama," akasema mkubwa wao kutoka nyuma, kwa adabu. "Ni maharagi gani hayo?"

Walitutoa wote nje. Mama Shemasi akatangulia, funguo mkononi, na mkono ukatetemeka hivi kwamba chuma kiligonga kufuli pande zote bila kuingia. Mkubwa wao akamshika kifundo cha mkono, akamtulizia, na kwa pamoja wakafungua. Nimeona mambo mabaya zaidi katika miaka ile, lakini mkono ule juu ya mkono ule huwa unanijia nikiwa nanyoa ndevu.

Mtu yule alikuwa ameketi nyuma ya magunia. Hakukimbia, angekimbia na nini. Hakusema neno, na sote tulijua kwa nini hakusema.

"Huyu ni nani?"

"Iko mugonjwa," akasema Mama Shemasi.

"Mugonjwa wa wapi?"

"Sikumuulizaka."

"Mama, usinichezee. Unamulalisha muntu mu stoo ya kanisa na haumujue?"

"Uliza hawa bote." Akatuonyesha kwa kidevu. "Bananitukana kila siku ju ya ile. Miye siulizaka. Hata weye, ungekuya na njaa, singekuuliza."

Ilikuwa kweli, na ubaya wa kweli ni kwamba tuliweza kuishuhudia sote. Vichwa vikaitikia. Mkubwa wao alimtazama yule mtu, akamtazama Mama Shemasi, kisha akatazama kile ambacho naamini alikuwa amekijia tangu mwanzo: magunia. Vijana wake walikuwa na njaa. Akaamuru yatolewe yote, akaamuru wabebaji. Wanaume tukaonyeshwa kwa kidole. Sikujitolea, nilichaguliwa, na gunia likawekwa juu ya mgongo uliokuwa umezoea vitabu. Kisha kidole kikamfikia yule mtu.

"Na huyu abebe. Akibeba, ni mugonjwa. Akianguka, tutajua yeye ni nani."

Alisimama. Gunia likawekwa. Akaanguka nalo, kitenge mguuni kikageuka rangi. Kijana mmoja akainua bunduki, si kwa hasira, kama mtu anayeinua jembe.

Mama Shemasi alikuwa amekwisha kuchukua kamba. Wanawake wa vilimani hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Aliizungusha kwenye gunia, akachuchumaa, akaiweka kamba pajini, akainuka. Nilisikia magoti yake.

"Ile ya huyu nitabeba miye," akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Twende. Kama tunaenda, twende, ju nikisimama nitaanguka miye pia."

Kijana mmoja akacheka. "Mukongwe, njia iko na ng'ombe mingi!" Hakujua alichosema. Alisema tu kwa kuwa njia ile ilipita malishoni. Mama Shemasi akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaanza kutembea. Mkubwa wao akavaa kofia. Bunduki ikashuka, kwa sababu mizigo ilikuwa inaondoka, na watakaoshiba kesho ni wale wanaofuata mizigo.

Tulitembea upande wa magharibi, kuelekea msitu wa Walikale. Nilikuwa nyuma yake. Alipita katikati ya ng'ombe, wenye ndama na wasio na ndama, akitetemeka mwili mzima, gunia likitikisika, maharagwe yakishuka na kujipanga. Aliomba kwa sauti njia yote, lakini macho wazi, kwa sababu kulikuwa na utelezi. Kwenye kijito ambako msitu unaanzia, wenzao wengine walitokea na kupokea mizigo. Wakatufukuza kama kuku. Jua lilikuwa bado juu tuliporudi, na stoo ilikuwa wazi, tupu, bila maharagwe na bila mtu. Waliobaki walikuwa wamemwondoa. Walisema alishuka upande wa ziwa, akishikilia fimbo. Hakuna aliyejua zaidi.

Ningependa kuandika kwamba kanisa lilimshukuru. Kanisa lilimlaumu. Maharagwe yaliisha, njaa ikaja, na watu wakasema ni mdomo wa Mama Shemasi. Mchungaji alimwita, akamwomba, kwa upole, awe anaomba moyoni.

"Moyoni?" akasema. "Papa Mchungaji, mule mu moyo kuko giza. Sijue njia."

Lakini alibadilisha jambo moja. Hakufumba macho tena. Katika sala ya wote, kanisa zima limeinama, yeye alisimama macho ameyakodoa, yakitazama mlango. Watu hawakupenda, walisema ni kama kuombewa na bundi. Nasi tulikuwa wawili sasa wenye macho wazi, mimi upande wa kulia na yeye kushoto, na wakati mwingine yalikutana, nikawa wa kwanza kuyaondoa. Stoo aliijaza tena msimu uliofuata. Kwa kunung'unika.

Kisha vita vilitutawanya. Mimi nilikwenda Goma na vitabu vyangu, ambavyo hakuna aliyetaka kuviiba. Miaka ikapita kabla sijasikia kwamba yuko katika kambi ya waliokimbia, kando ya barabara, si mbali na Mubambiro. Nilikwenda asubuhi. Sikwenda kwa wema. Binti yangu ni muuguzi, alikuwa amepelekwa Walikale, na simu yake ilikuwa imenyamaza tangu mapigano yaanze huko. Mimi, mwenye tasnifu, nilikuwa sijui pa kupeleka woga wangu.

Kibanda chake kilikuwa cha turubai na miti, juu ya mawe meusi ya volkano. Alikuwa amekonda, lakini uzi mweusi ulikuwa shingoni, na funguo, ingawa ile stoo ilikwisha kuchomwa. Ndani, kitenge kilitundikwa kama pazia kukigawa kibanda. Nilidhani ni kwa ajili ya heshima.

"Prof! Umezeeka mubaya."

"Na wewe, Mama, bado unaogopa ng'ombe?"

"Hapa hakuna ng'ombe. Ni faida moja ya vita." Akanitazama. "Sema ile imekuleta."

Nikasema. Nilisema vibaya, bila vifungu. Kabla sijainuka kwenye kigoda alichonipa nikamuuliza pia kama alipata kujua habari za mtu yule, kama alifika Kirotshe.

"Sijue. Namuombeaka kila siku kama muntu iko anatembea." Akajipangusa mikono. "Mutoto wako anaitwa nani? Analala nyumba gani? Mulango inaangalia wapi?"

Nikamwambia nilichojua. Akanielekeza kwa kidevu.

"Kaa pale ku mulango. Sala ya mutoto haiombwake macho wazi, nusu inabaki inje. Leo nataka kufumba. Weye unaogopaka muzuri, angalia kwa ajili yangu."

Nikakaa mlangoni. Nyuma yangu akafumba macho, mara ya kwanza tangu Jumapili ile, na nikasikia jina la binti yangu likisemwa kwa sauti, na nyumba yake, na mlango wake. Nje, wanawake walikuwa wanagombania foleni ya maji. Kisha, kati ya vibanda, akatokea askari. Alikuwa anakuja bila haraka, akiinua turubai za watu kwa mtutu, akitazama ndani. Nilifungua kinywa kumwita Mama Shemasi, na wakati huo huo sauti yake ikasema:

"...na huyu kijana uliniletea, Bwana, alikataa kubeba bunduki yabo, huyu iko nyuma ya pazia..."

Pazia likatikisika kidogo.

Sikuwa na hoja yoyote. Nikasimama, nikainua mikono, nikaanza kuomba. Kwa sauti kubwa, mimi ambaye sijawahi, macho wazi yakimtazama yule askari usoni. Nilimtaja binti yangu, nikamtaja mtu wa mguu, nikataja kabichi na mapacha na ng'ombe wote wa Masisi, nikapiga kelele mpaka shingo ikauma, ili maneno yake yapotee ndani ya yangu. Watu wawili ni mvua ndogo sana. Lakini katika kibanda cha jirani sauti ya mwanamke ikadakia, na katika kingine, kama kawaida ya watu wetu wakisikia sala, na punde hukuweza kusikia aliye begani kwako.

Askari alisimama mbele yangu. Mtutu ukaingia chini ya turubai, ukainua kidogo. Midomo yake ilisema kitu, sikukisikia, nikazidisha. Akakunja uso kama mtu aliyenyeshewa, akaachia turubai, akaenda zake.

Sikunyamaza. Niliogopa kunyamaza. Sijui ni muda gani ulipita kabla sijaona kwamba sauti ya nyuma yangu imekwisha, na kwamba kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyebaki ninaomba peke yangu.

"Prof," akasema Mama Shemasi. "Amina."

Alikuwa amekwisha kuchukua gigozi na kuchota katika mfuko wake mdogo wa maharagwe. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na mkebe ulikuwa unatikisika.